Tela la jeshi na ufunguo wa Mama

MAMA alitoka nje na fimbo yake mkononi, akalizunguka lile tela mara mbili bila kusema neno. Ilikuwa Jumamosi moja ya Julai 2022, hapa kwetu Rwezamenyo, na majirani wawili watatu walikuwa wameshasimama langoni kutazama kitu kilichoziba nusu ya njia. Tela lilikuwa la kijani cha jeshi, rangi imebanduka, tairi moja halina upepo, na ndani yake kulikuwa na majani makavu ya migomba. Nikamweleza Mama kwamba tutalijengea kijumba juu, tuweke godoro, kisha tulivute hadi Muyenzi, wilayani Ngara, tukalale huko siku tatu tukijengea kaburi la Baba.

"Kulala humo ndani mnakuita nini?" akaniuliza.

Nikajibu bila kufikiri: "Kupiga kambi, Mama."

Akanitazama kwa muda. "Mwanangu, mimi nimeshalala kambini mara mbili. Ya tatu siitaki." Akageuka, akaingia ndani, na siku ile hakuzungumza nami tena mpaka chakula cha usiku.

Msomaji uliyekulia nje kama mimi huhitaji kuelezwa. Lakini kwa faida ya vijana, kambi ya kwanza ya Mama ilikuwa mwaka 1962. Alikuwa binti wa miaka 14 familia yake ilipovuka mto Akagera kuingia Tanganyika, nchi iliyokuwa na miezi michache tu tangu ipate uhuru. Muyenzi ilikuwa makazi mapya ya wakimbizi kutoka Rwanda, na nyumba zenyewe zilikuwa vibanda vya nyasi. Kambi ya pili ilikuwa mwaka 1995, tuliporudi. Tulilala miezi minne chini ya turubai la UNHCR upande wa Kibungo tukisubiri kiwanja. Kati ya kambi hizo mbili alizaa watoto sita, na alimzika mume wake.

Baba alifariki mwaka 1991. Alikuwa mmoja wa wale wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 36,000 ambao serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa uraia mwaka 1980, kwa hiyo alikufa akiwa Mtanzania kwa karatasi na Mnyarwanda kwa mambo mengine yote. Tulipoondoka tuliacha kaburi lenye mawe ya kuzungushia na vijiti vichache vya miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe ambayo Waswahili huiita minyaa. Kila mwaka Mama alikuwa akisema twende tukaliangalie. Kila mwaka tulikuwa na sababu. Hatuna ndugu aliyebaki kule, nyumba za wageni ziko mbali na kaburi, na Mama, aliyekuwa na miaka 74 na goti bovu, hawezi kwenda na kurudi mara tatu kwenye barabara ya udongo. Ndipo likanijia wazo la tela.

Fedha za mwalimu na tamaa ya mfanyabiashara

Wazo halikuwa langu peke yangu, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, anaishi Kirehe na anafanya biashara ya mchele na vitunguu katika mpaka wa Rusumo. Yeye alibaki Tanzania sisi tuliporudi, na alivuka mwaka 2013 pamoja na maelfu ya wengine waliotakiwa kuondoka, akapitia kambi ya Kiyanzi kama wenzake. Alianza upya kwa baiskeli. Leo ana Hilux ya zamani, na kwa muda mrefu alikuwa akitafuta tela la kuongezea mzigo.

Tulilipata kwa mkulima mmoja wa Kayonza aliyekuwa akibebea ndizi, naye alilinunua kwa mtu aliyelileta kutoka Kampala. Bei ilikuwa faranga milioni moja. Nilitoa laki sita kutoka mkopo wa Umwalimu SACCO, shemeji akatoa laki nne. Agosti ya mwaka huohuo serikali ilipandisha mishahara ya walimu, asilimia 88 kwa wa msingi na 40 kwa sisi wa sekondari, na mke wangu hunikumbusha hadi leo kwamba nyongeza yangu ya kwanza iliingia kwenye chuma chakavu.

Shemeji alitaka tela libaki wazi, libebe magunia. Mimi nilitaka kijumba. "Mwalimu," aliniambia, "wafu hawana haraka. Vitunguu vinaoza." Alikuwa na haki yake. Mtu aliyewahi kuacha kila kitu ng'ambo ya mto hapendi kuona chombo cha riziki kikigeuzwa kitanda.

Kwa nini la jeshi?

Wapo walioniuliza kwa nini nisichongeshe tela jipya la kawaida. Jibu liko katika namna vyombo hivi vilivyoundwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la Marekani lilikuwa na tela dogo la robo tani lililotengenezwa na kampuni ya Bantam ili livutwe na jipu la Willys. Magurudumu yake yalikuwa sawa na ya jipu, hivyo tairi moja la akiba lilihudumia vyote viwili. Karai lake halikupitisha maji. Lilielea kwenye mto, na chini liliwekewa vizibo vya kutolea maji ya mvua. Baadaye, zama za vita vya Vietnam, Wamarekani walikuwa na M416 iliyofuata mpango uleule. Waingereza nao walikuwa na la kwao la robo tatu ya tani lililoundwa na GKN Sankey kwa ajili ya Land Rover, na hilo ndilo lililofika Rwezamenyo. Kibamba cha kiwandani kilikuwa bado kimeng'ang'ania ubavuni.

Majeshi yakichoka na vyombo hivi huviuza. Marekani, Australia na Afrika Kusini kuna watu wengi wanaoviokota, wakavifanyia ukarabati, wakaweka hema juu na jiko nyuma, wakaenda navyo nyikani kustarehe. Kinachowavuta ni fremu nene, springi za majani zilizokusudiwa kupita mashimoni, na ile pete ya mbele ya kuvutia. Pete hiyo hunasa kwenye ndoano na huweza kuzunguka. Tela likipinduka kwenye korongo, haliligeuzi gari pamoja nalo. Tela la kawaida la kirungu cha kichwa cha mviringo halina uhuru huo, na njia za Ngara zina makorongo ya kutosha.

Nakiri pia sababu ya kijinga. Nilipenda kwamba lilikuwa la jeshi. Kwa watu wetu magari ya jeshi hayajawahi kuwa mapambo, na kulilaza mama mzee ndani yake kulinipa furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Gatsata

Tulilipeleka Gatsata kwa fundi mmoja, mtu wa Bukavu, ambaye kwake hakuna tela. Kuna remoriki tu. Miezi mitatu tulizungumza lugha moja kwa misamiati miwili. Mimi nasema breki, yeye anasema fre. Mimi nafundisha Kiswahili, lugha iliyofanywa rasmi nchini mwaka 2017, na bado alinisahihisha kila asubuhi.

Jambo la kwanza alilofanya ni kulipandisha juu ya magogo na kutikisa kila gurudumu kwa mikono miwili. Yote mawili yalicheza. Alifungua habu, beringi zikatoka zimejaa grisi nyeusi iliyoganda kama lami. Tulibadilisha zote. Ushauri kwa anayetaka kununua: rangi isikudanganye, wala usianze na kijumba. Anza na habu, halafu springi, halafu breki. Godoro ni la mwisho.

Breki ndizo zilizotuchelewesha. Matela ya aina hii hujifunga breki yenyewe kwa msukumo. Gari la mbele linapopunguza mwendo, tela hulisukuma. Chuma kilicho ndani ya mkono wa kuvutia hurudi nyuma na kuvuta breki za magurudumu. Ni ufundi mzuri usiohitaji dereva kufanya lolote. Ila chuma chetu kilikuwa kimegandana na kutu, maana yake ni kwamba mkulima wa Kayonza alikuwa akiteremka milima na ndizi zake bila breki hata kidogo. Fundi alikilowesha mafuta siku nne, akakigonga kwa nyundo ya mpira, akakichomoa, akakisugua kwa msasa na kukijaza grisi mpya.

Halafu magurudumu. Land Rover ina bolti tano, Hilux ina sita. Shemeji alitaka tukate ekseli, tuweke habu za Toyota ili tairi la akiba liwe moja, kama walivyokusudia wale wa Bantam. Fundi alikataa. Alisema ekseli ya asili ina breki zake na springi zake zilizopangwa pamoja, na ukianza kukata huwezi kujua mwisho. Tukabaki na bolti tano na kubeba matairi mawili ya akiba. Bahati nzuri, tairi la 7.50 la inchi 16 linapatikana kila soko la mpakani kwa sababu Land Cruiser nyingi hulivaa.

Taa zilikuwa za volti 24, na Hilux ni volti 12. Tulinunua balbu mpya na plagi mpya, tukavuta nyaya upya kutoka mbele hadi nyuma. Hata hivyo, kwenye ukaguzi tulirudishwa mara moja kwa sababu taa ya kushoto ya kugeukia ilikuwa inawaka pamoja na ya breki. Kosa lilikuwa langu. Nyaya zile nilizifunga mimi.

Kuhusu rangi, nina onyo. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, namaanisha madini yale yenye sumu. Usikwangue kavu watoto wakicheza jirani. Tulilowesha kwa maji, tukasugua kwa msasa wa maji, tukafunga vitambaa puani na kuyazoa maganda yote. Vilevile bati lililopakwa zinki likichomelewa hutoa moshi mweupe unaomwangusha mtu kwa homa usiku. Mahali pa kuchomelea panapaswa kukwanguliwa kwanza.

Katika kung'oa mbao za chini fundi aliokota kijiko cha aluminiamu, kipini chake kimechorwa namba kwa ncha ya msumari. Nilimpelekea Mama kama kichekesho. Alikiosha, akakiangalia sana, akasema, "Huyu naye alikuwa mtoto wa mtu," akakiweka kabatini pamoja na vijiko vyetu.

Masharti

Kijiko kile ndicho kilichofungua mazungumzo. Wiki iliyofuata Mama alinitumia mjukuu na ujumbe: kama ni lazima aende na tela, basi ana masharti. Nilikaa chini mbele yake na daftari kama mwanafunzi.

La kwanza, kusiwe na plastiki wala turubai, hata kipande. Paa liwe bati na kuta ziwe ngumu, mtu akigonga zilie. La pili, lisiwe la kijani. La tatu, liwe na dirisha ambalo akiwa amelala anaona nani yuko nje. La nne, na hapa aliinua kidole, mlango uwe na kufuli la kufungwa kutoka ndani, na ufunguo akae nao yeye. "Kambini," alisema, "mlango hauna. Mtu yeyote anafunua tu na kuchungulia. Anayehesabu watu anafunua, anayegawa unga anafunua, mlevi anafunua. Nilikuwa msichana."

Katika miaka yangu yote sikuwahi kumsikia akizungumzia jambo hilo. Sikuandika chochote kwa dakika kadhaa.

Nilipompa fundi masharti hayo hakucheka. Alijenga fremu ya mabomba ya mraba, nje bati jembamba, ndani plaiwudi, kwa sababu bati tupu huchoma mchana na hupiga kelele za mvua usiku. Godoro la futi nne kwa sita lilikaa juu ya matao ya magurudumu, na chini yake katika karai la asili tukapata stoo ya maji, jiko, majembe na vyombo. Alitoboa matundu ya hewa mawili, moja chini na jingine juu, akayaziba kwa wavu wa mbu. Hilo msilifanyie mchezo. Ngara usiku kuna baridi, na mtu anayeingiza jiko la mkaa kwenye kijumba kama kile na kufunga mlango anaweza asiamke. Jiko letu halikuruhusiwa kupita kizingiti.

Na shemeji? Suluhisho lilitoka kwa fundi pia. Kijumba hakikuchomelewa kwenye tela. Kilikaa juu ya mpira mnene na kushikwa kwa bolti nane. Watu wanne wakizifungua, wanakinyanyua na kukiweka kando, na tela linabaki wazi kwa magunia. Shemeji alihesabu bolti, akahesabu na dakika, akasema haya. Gharama yote ya ukarabati ilifika laki saba na nusu, na bado tunabishana nani alilipia mpira.

Kilipopakwa rangi ya maziwa na kurudi Rwezamenyo, Mama alipanda ngazi ya vipandio vitatu, akaingia, akafunga mlango. Tukasikia kufuli linalia. Tulikaa barazani tukisubiri. Ilipita robo saa, nusu saa, karibu saa nzima. Mke wangu alitaka kwenda kugonga nikamzuia. Hatimaye akatoka, jasho likimtiririka, akatuambia dirisha ni dogo mno na liongezwe.

Likaongezwa.

Vumbi la Ndego

Jaribio la kwanza tulilifanya Desemba 2022, mimi na shemeji na wanangu wawili, bila Mama. Tulikwenda Ndego, Kayonza, ambako shemeji amekodi shamba. Wenyeji wa upande ule wanajua kwamba sehemu kubwa ya ardhi wanayolima ilikuwa mbuga. Hifadhi ya Akagera, iliyoanzishwa mwaka 1934, ilipunguzwa mwaka 1997 kwa zaidi ya nusu ili sisi tuliorudi na ng'ombe wetu tupate mahali. Leo uzio wa umeme uliokamilika mwaka 2013 unatenganisha mihogo na nyati, na ng'ambo ya uzio kuna simba walioletwa mwaka 2015 na faru weusi walioletwa mwaka 2017. Watalii huja kutoka mbali kulala humo kwenye mahema na kulipia. Wanangu waliuliza kama na sisi tunaweza siku moja. Niliwaambia tunaweza. Sikuwaambia kwamba bibi yao aliwahi kulala kwenye turubai bure.

Baada ya kilomita 20 za kwanza tulisimama nikagusa habu kwa kiganja. Ya kulia ilikuwa vuguvugu, inavyotakiwa. Ya kushoto niliiachia haraka. Beringi ilikuwa imekazwa kupita kiasi. Tulilegeza nati pale pale barabarani, na tangu hapo kugusa habu imekuwa kama sala ya safari. Tulipofika tukafungua mlango na kukuta godoro jekundu kwa vumbi. Nilidhani mlango hauzibi. Shemeji, ambaye amebeba unga miaka mingi, ndiye aliyejua: chombo kikienda, hewa ya nyuma huvuta vumbi na kuliingiza katika kila ufa. Dawa yake ni mbili kwa pamoja. Ziba nyufa za nyuma kwa raba (tulitumia ya mlango wa Corolla iliyokufa), halafu acha tundu dogo la mbele juu wazi ili upepo safi uingie na kulisukuma vumbi nje. Ilifanya kazi.

Uzito nao tuliupanga upya. Sehemu moja ya kumi ya uzito wote inatakiwa ikae kwenye ndoano. Ikipungua, tela huyumba kama mkia wa mbwa. Ikizidi, Hilux huinua pua. Tulipima kwa mizani ya magunia iliyowekwa chini ya pete, tukahamisha maji mbele kidogo, na yumba yumba ikaisha.

Kuvuka

Tuliondoka Kigali Agosti 2023, likizo kuu, saa kumi na moja alfajiri. Mama alikaa mbele. Hadi Rusumo ni kilomita zipatazo 160, lami tupu, na tulikwenda kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa huku mabasi yakitupita na kutupigia honi.

Kwa wanaotaka kufanya safari kama hii, karatasi ndizo nusu ya kazi. Kitambulisho cha taifa kinakufikisha Uganda na Kenya, lakini Tanzania wanataka hati ya kusafiria, na ya Mama tulianza kuishughulikia mapema. Tela lina namba yake na kadi ya njano yake, mbali na ya gari. Bima inayovuka mpaka nayo inaitwa Kadi ya Njano, ile ya COMESA, ambayo Tanzania inaitambua ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Nilimsikia dereva mmoja akiapa kwamba amekwisha onyesha kadi ya njano, na afisa akiapa kwamba hajaiona, na wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Kituo cha pamoja cha forodha na daraja jipya, vilivyozinduliwa na Rais Kagame na Rais Magufuli Aprili 2016, vimepunguza sana foleni ninazozikumbuka. Afisa mmoja kijana alizunguka tela letu na kuuliza tumebeba nini.

"Kitanda," alisema shemeji.

"Bidhaa ya kuuza?"

Mama alishusha kioo. "Ni chumba changu," akasema, na akamwonyesha ufunguo. Kijana akamwamkia shikamoo na kututakia safari njema.

Darajani Mama aliomba twende polepole. Maporomoko yalikuwa yakiunguruma upande mmoja. Alivuka mto huu mwaka 1962 akikimbia na mwaka 1995 akirudi. Mimi nilikuwa na miaka 17 mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walipovuka kuja Ngara kwa muda wa siku moja tu, na vilima vya Benaco vikageuka buluu kwa plastiki wakati ndugu zetu huku nyuma walikuwa wakiuawa. Mama hakuwahi kutaka kwenda kuvitazama. Ng'ambo ya daraja shemeji alihamia kushoto mwa barabara, kama Watanzania wanavyoendesha, na kwa kilomita kadhaa hakuna aliyezungumza. Ukiwa na tela nyuma, kukumbuka upande ni kazi tosha.

Siku tatu

Saruji tulinunua Ngara, mifuko mitatu, ikakaa chini kabisa juu ya ekseli. Njia ya kuingia Muyenzi ilikuwa kavu lakini imechimbika, na mahali pawili tela liliegemea kiasi cha mimi kufumba macho. Pete ilizunguka kama ilivyotakiwa. Hilux ilibaki wima.

Kaburi hatukuliona mara moja. Vile vijiti vya miyenzi vya mwaka 1991 vilikuwa vimekuwa uzio mnene kumpita mtu kimo, na mwenye shamba la sasa, mzee wa Kihangaza aliyesoma darasa moja na kaka yangu, alikuwa akilima pembeni bila kuugusa. "Nilijua mtakuja," alisema. Alitukatia njia kwa panga.

Tuliegesha tela hatua kumi kutoka pale. Usiku mimi na shemeji tulifunga turubai kutoka ubavuni mwa Hilux na kulala chini yake. Mama alichungulia dirishani kabla ya kufunga, akatuona tumejikunyata, akacheka mpaka akakohoa. "Leo nyinyi ndio wakimbizi," alisema. Kufuli likalia.

Saa kumi za usiku niliamka na hofu ya hewa. Nikaenda nikagonga ukuta taratibu.

"Nani?"

"Ni mimi, Mama. Unapumua vizuri?"

"Nenda kalale. Nikikutaka nitafungua."

Tulijenga siku mbili, tukalisakafia, na siku ya tatu Mama alikaa kwenye kipandio cha chini cha tela akilitazama kaburi tangu asubuhi hadi jua lilipokuwa kali. Tulimpelekea chai. Alikuwa amekuja na kile kijiko cha aluminiamu.

Sasa tela liko Kirehe siku nyingi za mwaka, na linabeba mchele. Kijumba kimekaa juu ya matofali uani kwetu Rwezamenyo, na bolti zake nane ziko kwenye kopo la Blue Band juu ya dirisha la jikoni. Mchana Mama huingia humo kupumzika, na humo ameweka mbegu zake za maharage na picha ya Baba. Desemba shemeji alitaka kukikodisha kwa vijana fulani wanaokwenda kuangalia ndege Akagera. Walikuwa na fedha taslimu. Nilimwambia mimi sina tatizo, ampigie simu mwenye ufunguo. Alimpigia. Mama alimuuliza ni watu wangapi, wanatoka kwa nani, na kama watapika ndani, kisha akasema atafikiri. Bado anafikiri.